Sarafu Kuukuu Yenye Sura Ngeni: Ni ya Kweli au ya Kughushi?

Katika familia nyingi za Lubumbashi, hasa zile zilizokaa mitaa ya Kamalondo, Kenya au Katuba tangu enzi za wakoloni, bado hupatikana sarafu za zamani zilizosahauliwa ndani ya kopo au mkoba wa bibi. Nyingine huuzwa pamoja na malakiti na mapambo ya shaba, na muuzaji huzisifia kwa maneno yale yale: «Papa, hii njo ya zamani ya kweli.» Mtu anayeanza kukusanya sarafu akikutana na moja yenye sura asiyowahi kuiona, labda yenye tundu, yenye pande sita, au yenye maandishi yaliyokaa upande, hujiuliza papo hapo kama ni ya kweli. Swali hilo linaonekana kuwa moja, lakini limebeba maswali matatu ambayo yakichanganywa humpoteza hata mtu makini: sarafu hii inadai kuwa nini, je, kitu kilichopo mkononi kina uzito, madini na utengenezaji wa kile inachodai kuwa, na hicho kinachoifanya ionekane ngeni kilitokea kiwandani au baada ya sarafu kutoka kiwandani. Nashikilia kwamba maswali haya lazima yajibiwe kwa mpangilio huo huo. Anayeanza na la tatu, yaani na ugeni wa sura, karibu kila mara hufikia jibu lisilo sahihi.

Sababu ya kwanza ni kwamba historia ya fedha ya sehemu zetu imejaa sarafu halali zenye sura zisizo za kawaida. Sarafu za shaba nyekundu za santimu 1, 2, 5 na 10 za Dola Huru ya Kongo, yaani nchi hii ilipokuwa chini ya mfalme Léopold II wa Ubelgiji kabla ya kuwa koloni, zilizoanza kupigwa mwaka 1887, zina tundu la mviringo katikati, na nyota yenye miale imelizunguka tundu hilo upande mmoja. Mwaka 1943 Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, na serikali ya koloni haikuweza kutegemea kiwanda cha sarafu cha Brussels. Kwa hiyo faranga 2 za mwaka huo zilipigwa Philadelphia, Marekani, kwa shaba ya manjano, zikiwa na pande sita na picha ya tembo. Mwaka uliofuata faranga 1 yenye tembo ilipigwa Pretoria, ikiwa ya mviringo, pamoja na faranga 50 ya madini ya fedha. Halafu ikaja mwaka 1961, wakati Katanga ilipokuwa imejitenga chini ya Moïse Tshombe, na sarafu zake za faranga 1 na 5 zikachorwa ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Kijana wa leo aliyezoea noti peke yake anaweza kuitazama yoyote kati ya hizi akadhani ni kifungo cha koti au kitu cha kuchezea.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka ng'ambo ya Tanganyika. Katika vita vya kwanza vya dunia Wajerumani wa Afrika Mashariki walizingirwa upande wa bahari wakaishiwa sarafu, na mwaka 1916 wakaanza kupiga zao wenyewe katika karakana ya reli huko Tabora. Walitumia shaba nyekundu na ya manjano waliyoweza kuipata kutengeneza heller 5 na heller 20 (heller ni sehemu ya mia ya rupia) zenye herufi T, na dhahabu kutengeneza rupia 15 yenye picha ya tembo. Heller 20 za Tabora zina rangi zinazotofautiana, herufi zilizofifia na nyuso zisizo sawa, kwa sababu mitambo haikuwa ya kazi hiyo. Askari wa Force Publique, jeshi la koloni, kutoka Kongo waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, kwa hiyo si ajabu sarafu kama hiyo ikapatikana leo katika nyumba ya Mkongomani ambaye babu yake alikuwa askari. Ukiihukumu kwa macho tu, heller 20 ya Tabora inafanana na ghushi kuliko ghushi nyingi zinavyofanana. Kinyume chake, nakala za kisasa za faranga 5 za Léopold II zinazouzwa mtandaoni zina mviringo safi na herufi zinazosomeka vizuri, nazo si za kweli hata kidogo.

Basi swali la kwanza ni utambulisho, na utambulisho huanza kwa kusoma kila herufi iliyo juu ya sarafu, pande zote mbili, chini ya kioo cha kukuzia. Sarafu za fedha za Dola Huru ya Kongo zina maneno ya Kifaransa yaliyofupishwa yanayomtaja Léopold II kuwa mfalme wa Wabelgiji na mtawala wa Dola Huru, na upande wa pili zina kaulimbiu TRAVAIL ET PROGRES. Tangu tarehe 15 Novemba 1908 nchi ikawa koloni la Ubelgiji, na sarafu zikaanza kubeba majina mawili, CONGO BELGE na BELGISCH CONGO. Katika miaka ya 1950 jina la Ruanda-Urundi likaongezwa. Baada ya uhuru kuna sarafu za Katanga za 1961, faranga 10 ya mwaka 1965 yenye simba, likuta na sengi za 1967, kisha sarafu zilizoandikwa jina la Zaire, ambalo nchi ililichukua mwaka 1971.

Mpangilio huu unatosha kuanika baadhi ya ghushi bila kifaa chochote. Sarafu za fedha za Léopold kwa ajili ya Kongo zilipigwa kati ya 1887 na 1896. Anayekuonyesha faranga 5 ya fedha ya Léopold yenye mwaka 1900 au 1906 anakuonyesha kitu ambacho hakikuwahi kutoka kiwandani. Sarafu iliyoandikwa CONGO BELGE lakini yenye mwaka 1890 inajipinga yenyewe, sawa na ile yenye jina la Jamhuri ya Zaire na mwaka 1965. Waghushi wanaotengeneza kwa ajili ya watalii hawajali sana mambo haya. Huchukua uso wa sarafu moja wakauunganisha na mgongo wa nyingine, kwa kuwa mnunuzi wao hasomi.

Kuna kundi moja linalowachanganya wengi nalo halimo katika ghushi. Tangu kurudi kwa faranga ya Kongo mwaka 1998, nchi hii imetumia noti katika biashara ya kila siku, lakini zimetolewa sarafu nyingi zenye jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa ajili ya wakusanyaji wa nje, nyingine zikiwa na picha za wanyama ambazo ni za kuvutia kweli. Mtu wa Lubumbashi anaweza kuishi miaka yote asiione hata moja sokoni. Ugeni wake hapa kwetu si dalili ya ughushi, na jina la nchi lililo juu yake si uthibitisho kwamba iliwahi kununua mkate.

Sarafu ikishajitambulisha, kazi ya pili ni kuipima, na hapa ndipo penye ushahidi wa kweli. Faranga za fedha za Léopold zilifuata kanuni ya gramu 5 kwa kila faranga: santimu 50 ni gramu 2.5, faranga 1 ni gramu 5, faranga 2 ni gramu 10, na faranga 5 ni gramu 25 zenye kipenyo cha milimita 37. Faranga 5 ilikuwa na fedha sehemu 900 kwa 1000, na zile ndogo sehemu 835. Mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu inapatikana mjini kwa bei isiyo kubwa, na fundi wa garaji yeyote ana kipimo cha kupimia kipenyo. Kwa vifaa hivyo viwili, swali ambalo wazee wangeweza kulibishania mchana kutwa linapata jibu kwa dakika chache.

Uzito una hila yake, hata hivyo. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu kwa miaka mingi hulika, kwa hiyo faranga 5 iliyochakaa inaweza kupungua kidogo chini ya gramu 25, na upungufu huo utaonekana pia kwenye picha: ndevu za mfalme zitakuwa zimelainika na ukingo utakuwa umeshuka. Sarafu yenye picha kali kama ya jana lakini uzito wa gramu 21 au 22 ni jambo jingine kabisa. Mchanganyiko wa shaba na nikeli una uzito wa karibu gramu 8.9 kwa kila sentimita moja ya ujazo, wakati fedha ya 900 ina karibu gramu 10.3; kwa hiyo mghushi akitengeneza faranga 5 ya ukubwa ule ule kwa shaba na nikeli, atapata karibu gramu 21.6. Na sarafu iliyozidi uzito halali kwa kiasi kinachoonekana inatia shaka zaidi kuliko iliyopungua, kwa sababu matumizi huondoa madini, hayaongezi.

Hakuna mahali ambapo hesabu hii ina faida kubwa kwa mkusanyaji wa Lubumbashi kama katika faranga 5 ya Katanga ya mwaka 1961. Sarafu hiyo ilipigwa kwa namna mbili zenye picha ile ile na kipenyo cha karibu milimita 26: ya bronzi kwa matumizi ya kawaida, na ya dhahabu ya 900 kwa wakusanyaji. Ya bronzi ina uzito wa karibu gramu 6.5. Ya dhahabu ina gramu 13.33, ambazo ndani yake mna gramu 12 za dhahabu tupu. Tofauti ya bei kati ya hizi mbili ni kubwa mno, na njia rahisi ya kuiziba ni kuchukua ya bronzi, ambayo ni ya kweli, na kuichovya dhahabu. Mnunuzi akiikagua kwa macho hatapata kosa lolote katika ndizi, msalaba wala herufi, kwa sababu zote zilipigwa kwa muhuri halali. Utando wa dhahabu ya kuchovya, hata ukiwa mzuri namna gani, kwa kawaida hauongezi hata sehemu ya kumi ya gramu. Mizani ikisoma 6.5 au 6.6, hiyo ni bronzi iliyovaa dhahabu, na mazungumzo kuhusu bei ya dhahabu yanapaswa kukoma hapo hapo. Sioni sababu yoyote ya mtu kununua faranga 5 ya dhahabu ya Katanga bila kuiweka kwenye mizani mbele ya muuzaji. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Katika mji huu watu wengi huamini mashine kuliko mizani, na mashine inayojulikana ni ile ya kupimia madini ambayo wachimbaji na wanunuzi wa shaba na kobalti huiita metoreksi. Ni kifaa kizuri, lakini kwa sarafu kinahitaji kueleweka. Mionzi yake husoma tabaka jembamba la juu tu, na kwa dhahabu au fedha tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele. Ukiielekeza kwenye sarafu iliyochovywa utando mnene, itakujibu kuwa ni dhahabu, nayo haitakuwa imekosea, kwa kuwa umeiuliza habari za ngozi. Kwa hiyo jibu la metoreksi lisilo na uzito pembeni yake ni jibu nusu.

Mahali ambapo mizani peke yake haitoshi, maji yanasaidia. Mghushi mwerevu anaweza kufanya nakala iwe nene kidogo ili ifikie gramu 25, na hapo uzito utakubali. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe isome sifuri, kisha funga sarafu kwa uzi mwembamba na uitumbukize majini ikining'inia, isiguse chini wala pembeni, na usiache mapovu yaishikilie. Namba itakayosomeka ni ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito wake wa nje ya maji kwa namba hiyo. Faranga 5 ya fedha ya 900 yenye gramu 25 itasoma karibu 2.43, na nakala ya shaba na nikeli yenye uzito huo huo itasoma karibu 2.81. Mizani ya kawaida ya sonara inaiona tofauti hiyo bila shida. Kwa dhahabu ya 900 jawabu la mgawanyo ni karibu 17.2, na kwa bronzi halifiki 9. Njia hii inadhoofika kwa sarafu ndogo: santimu 50 ya gramu 2.5 husogeza chini ya robo gramu ya maji, na kosa dogo la mkono linaweza kubadilisha jibu zima. Pia inafaa ufahamu kwamba maji hayaharibu fedha wala dhahabu, lakini sarafu ya shaba inapaswa kukaushwa vizuri mara moja kwa kuigusisha kitambaa laini, bila kuisugua.

Sumaku ni kipimo cha haraka zaidi, na wengi hukipa heshima kuliko kinavyostahili. Dhahabu, fedha, shaba nyekundu, shaba ya manjano na bronzi hazivutwi na sumaku, kwa hiyo faranga 5 ya Léopold inayonata ina chuma au nikeli ndani yake, na kesi imekwisha. Lakini kutonata hakuthibitishi kitu, kwa kuwa risasi, zinki na mchanganyiko wa kawaida wa shaba na nikeli hazinati pia. Sumaku yenye nguvu, kama ile inayotolewa ndani ya diski ngumu ya kompyuta iliyokufa, ina matumizi mengine yenye faida zaidi: ukiitelezesha juu ya sarafu kubwa ya fedha iliyoinamishwa, itashuka polepole kana kwamba kuna kitu kinaizuia, na juu ya shaba na nikeli itaporomoka. Mlio nao husaidia, maana fedha hulia kwa muda mrefu na risasi hutoa sauti iliyokufa, ingawa sarafu ya kweli iliyopasuka nayo haitalia.

Baada ya madini huja utengenezaji. Sarafu zote nilizotaja hadi sasa zilipigwa, maana yake kipande cha madini kilichokatwa tayari kiliwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma na kugandamizwa kwa nguvu kubwa hadi madini yakatiririka na kujaza kila mchoro. Ghushi nyingi za bei nafuu humiminwa: mghushi hubonyeza sarafu ya kweli kwenye udongo au plasta, akapata kalibu, akamimina madini yaliyoyeyuka. Njia hizi mbili huacha alama tofauti, na kioo cha kukuzia mara kumi kinatosha kuziona. Kwenye sarafu iliyopigwa, sehemu tambarare ni laini na kuta za herufi husimama wima. Kwenye iliyomiminwa, sehemu tambarare huwa na vishimo vidogo vya mviringo vilivyoachwa na mapovu ya hewa, wakati mwingine na vipele, na herufi hukutana na uwanja wa sarafu kwa mteremko laini. Anza na ubavu, kwa sababu ndiko mghushi anakochoka: nusu mbili za kalibu zilipokutana hubaki mstari unaozunguka sarafu, na anayejaribu kuuondoa kwa tupa huacha mikwaruzo inayokwenda upande mmoja. Zaidi ya hayo, madini yakipoa husinyaa, kwa hiyo nakala iliyomiminwa mara nyingi huwa na kipenyo kidogo kuliko mama yake, na hapo kipimo cha fundi wa garaji kinarudi kazini.

Lazima nisimame kidogo kwenye jambo linalohusu Katanga peke yake. Msalaba wa shaba, ule uliochorwa kwenye sarafu za 1961, ulikuwa wenyewe chombo cha biashara na alama ya utajiri kwa karne nyingi kabla ya sarafu kufika, na wachimbuzi wa mambo ya kale waliikuta misalaba ya namna hiyo katika makaburi ya bonde la Upemba, Sanga ikiwemo. Misalaba hiyo haikupigwa. Ilimiminwa katika kalibu. Kwa hiyo dalili zile zile zinazoihukumu sarafu, yaani vishimo vya mapovu, uso usio laini na kingo zilizolegea, kwa msalaba ni mambo ya kawaida, na mkusanyaji anayehamisha kanuni bila kufikiri ataukataa msalaba wa kale na kukubali mpya uliosafishwa. Ugumu ni kwamba misalaba mipya inayotengenezwa kwa shaba ya nyaya inamiminwa pia. Kinachotenganisha hapa ni kutu. Juu ya shaba iliyokaa ardhini miaka mingi kwa kawaida kuna tabaka jekundu la kahawia lililoshikana na madini, na juu yake ndipo kijani hukaa, kigumu, kikiwa kimeota kutoka ndani. Kijani kilichotengenezwa kwa chumvi na asidi hukaa moja kwa moja juu ya shaba angavu, ni cha unga, na pamba iliyoloweshwa spiriti mara nyingi huondoka nacho. Na ikiwa msalaba unaonyesha kuwa kweli ni wa kale, swali la bei linapaswa kusubiri, kwa sababu mali za kale zinalindwa na sheria ya nchi, na mahali pa kuuliza kwanza ni Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi.

Sasa ndipo swali la tatu linaweza kuulizwa bila hatari: sarafu imejitambulisha, uzito na madini vimekubali, imepigwa wala haikumiminwa, na bado ina kitu kigeni. Makosa ya kiwandani yapo, na wakusanyaji huyalipia. Picha inaweza kukaa pembeni kwa sababu kipande hakikukaa sawasawa kati ya mihuri. Tundu linaweza kuwa limetobolewa nje ya katikati. Kipande kinaweza kuwa kimekatwa vibaya na sarafu ikakosa sehemu ya ukingo kama imeng'atwa. Katika hali hiyo ya mwisho kuna alama nzuri ya kuthibitisha: kwenye sarafu iliyokatwa vibaya kabla ya kupigwa, ukingo wa upande unaokabiliana na pengo mara nyingi hufifia, kwa kuwa madini yalikosa kitu cha kuyasukuma, wakati sarafu iliyokatwa na mtu baadaye kwa mkasi au tupa ina ukingo mkamilifu ng'ambo ya pengo.

Mengi zaidi, hata hivyo, hutokea baada ya kiwanda. Tundu la kiwandani kwenye sarafu za shaba za Léopold lina ukingo wake ulioinuka, na mchoro wote umepangwa kulizunguka. Tundu lililotobolewa ili sarafu ivaliwe shingoni hukata herufi au kichwa cha mfalme, na pembeni yake madini yamesukumwa. Sarafu iliyopita motoni hupata vipele vinavyoweza kudhaniwa kuwa vya kalibu. Iliyogongwa nyundo kati ya vipande viwili vya ngozi hupanuka na kuwa nyembamba bila kupungua uzito. Sarafu yenye vichwa viwili, ambayo huwasisimua sana wanaoanza, kwa kawaida ni sarafu mbili zilizochongwa na fundi, moja ikatolewa nyama ya ndani na nyingine ikapachikwa humo. Ukitafuta ndani kidogo ya ukingo utaona mstari wa mviringo, na mlio wake utakuwa mzito. Hizi zote si ghushi kwa maana kamili, maana sarafu ya msingi ni halali, lakini thamani yake kwa mkusanyaji imeshuka, na anayeiuza kama kosa adimu la kiwandani anapaswa kuulizwa maswali.

Tarehe nayo inaweza kudanganya bila mtu yeyote kukusudia udanganyifu. Thala ya Maria Theresa, iliyozunguka sana katika Afrika Mashariki na Uhabeshi, ina mwaka 1780 juu yake, lakini iliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo hata katika karne ya 20, katika viwanda vya miji kadhaa, kwa sababu wafanyabiashara walikataa nyingine. Ina gramu 28 na kidogo, na fedha sehemu 833 kwa 1000. Ukiipata, vipimo vikikubali, ni thala ya kweli. Ila usilipe bei ya kitu cha mwaka 1780.

Katika hatua hizi zote kuna katazo moja ambalo ningependa liheshimiwe kuliko shauri lolote: sarafu isisafishwe kabla ya kuchunguzwa, na ikiwezekana isisafishwe kamwe. Limau, majivu, dawa ya meno na mchanga, ambavyo hutumiwa kung'arisha sufuria, huondoa kutu pamoja na ushahidi. Weusi wa fedha ya zamani na kahawia ya shaba ni tabaka lililochukua miaka mingi kujengeka, na namna lilivyoingia kwenye pembe za herufi humwambia mtaalamu kama sarafu imezeeka yenyewe au imezeeshwa. Sarafu ya kweli iliyosuguliwa hubaki na mikwaruzo midogo inayokwenda pamoja upande mmoja, na mnunuzi mzoefu anaiona kabla hujamaliza kueleza.

Vipimo vikiacha shaka, inabidi kuilinganisha na sarafu nyingine ya aina ile ile na mwaka ule ule ambayo inajulikana kuwa halali. Picha nzuri zimo katika Numista, katalogi ya sarafu iliyo mtandaoni, na katika minada mikubwa ya Ulaya, na linganisho lifanywe kwa mambo ambayo mghushi hayafikirii: umbali kati ya herufi na ukingo, umbo la namba za mwaka, idadi ya vitone vya pembezoni, na mwelekeo wa mgongo unapoigeuza sarafu. Ukimwomba mtu wa mbali maoni, mpe picha ya uso, ya mgongo na ya ubavu zilizopigwa kwa mwanga wa pembeni, pamoja na uzito, kipenyo na jibu la sumaku. Picha ya uso peke yake, hata iwe nzuri kiasi gani, haimwezeshi kusema lolote la uhakika, na anayetoa hukumu kwa picha hiyo moja hastahili kusikilizwa sana.

Kuipeleka sarafu kwa kampuni za nje zinazothibitisha na kuifungia katika kasha kunagharimu fedha na muda, kwa hiyo kunafaa pale tu tofauti kati ya kweli na ghushi ni kubwa: faranga 5 ya Léopold yenye sura nzuri, rupia 15 ya Tabora, faranga 5 ya dhahabu ya Katanga. Kwa faranga 2 ya tembo yenye pande sita au santimu 10 yenye tundu, mizani, sumaku na kioo vinatosha, kwa kuwa zipo nyingi na bei yake ni ndogo. Sarafu iliyobaki katikati, isiyokubali wala kukataa, iwekwe ndani ya bahasha ya karatasi, wala si ya plastiki laini inayotoa kemikali na kuiachia shaba utando wa kijani, na juu ya bahasha yaandikwe vipimo vyake vyote, mahali ilipopatikana na bei iliyolipwa.